Yule alikuwa chui, jamani. Chui!

Wale mlioisikia ile voisi, njooni mkae hapa mbele. Ambao hamjaisikia msijali, itawafikia tu, maana mpaka jana usiku ilikuwa imeshafika Kibaha kwa shangazi yangu. Kanipigia saa tano usiku, sauti ya upole kama ya nesi wa zamu, ananiuliza kama naendelea kunywa maji ya chumvi na sukari.

Sinywi maji ya chumvi na sukari. Siumwi tumbo. Sikuumwa tumbo Jumamosi, sikuumwa Ijumaa, na tangu nizaliwe tumbo langu halijawahi kuniaibisha mbele za watu, isipokuwa ile mara moja shuleni, na mnaoijua naomba mnyamaze.

Kilichotokea ukweni kule Bunju sicho alichowatangazia rafiki yangu dereva wa Noah. Jina lake silitaji kwa sababu bado ananidai hela ya mafuta. Yeye aliona mwanzo tu. Sekunde kumi, tuseme kumi na tano. Kisha akakimbilia nje na simu yake huku kajiziba mdomo, akawaachia nyinyi manjano na kahawia kwenye kanzu nyeupe bila maelezo yoyote. Nanyi mkajazia mnavyojua. "Jamaa kajiharibia ukweni." Mmecheka, nimewaona. Hata wewe uliyeweka kile kikatuni cha nyani aliyeshika chupi, nimekuona, na mwezi wa saba unaoa, sisemi kitu.

Sasa maelezo ndiyo haya.

Wengi mnamjua baba mdogo hata kama hamjui kuwa mnamjua. Ukiingia Bagamoyo, ukapita zile nyumba za mawe za Mji Mkongwe, ukaona kibao cha saluni chenye wanawake sita waliosuka mitindo sita, na wote sita wana sura moja, hiyo ni kazi yake. Kibao cha kinyozi mbele kidogo: wanaume wanne, sura ni ile ile, wameongezewa ndevu tu. Ng'ombe wa kwenye bucha, mtazame macho. Ni yale yale. Huyo ni mama mdogo, yule aliyeondoka. Paji pana, jicho moja amelifinya kidogo kama mtu anayehesabu chenji na haijatimia.

Aliondoka zamani, mimi nikiwa darasa la tatu. Wanasema alikuwa akirudi sokoni anamkuta mumewe anachora, anamsalimia, salamu inaitikiwa kesho yake. Siku moja akaaga. Na kuaga nako kukaitikiwa kesho yake, mwenyewe ameshafika Tanga.

Basi huyo ndiye baba mdogo. Anachora, anachonga, anawamba ngoma, anapiga marimba, anatunga mashairi, na kwenye harusi akishashiba pilau anatembea kwa mikono, na umri ule. Alipita Chuo cha Sanaa pale pale Bagamoyo miaka ya themanini, chuo chenyewe kikiwa bado kichanga, kimeanza 1981. Anasema aliingia kusomea ngoma, ila kila alipopita mlango wa darasa jingine alivutwa na harufu. La kuchonga linanukia mpingo, la kuchora linanukia rangi ya mafuta, la maigizo linanukia watu wenye njaa. Akayapitia yote. Chuo kikakua, kikawa taasisi, kikaitwa TaSUBa; yeye amebaki vile vile. Kila Tamasha la Bagamoyo likikaribia anaibuka na jambo jipya. Mwaka mmoja aliibuka na sanamu la mvuvi alilolitengeneza kwa vyuma vya injini ya boti. Mwenye injini naye akaibuka.

Halafu ana sharti lake. Hauzi picha kwa mtu ambaye hajaisalimia. Sitanii. Unaingia kibandani, unamwona tembo ukutani, unauliza bei, anakujibu, "Kwanza msalimie." Mzungu mmoja alimwambia tembo "jambo". Baba mdogo akamwambia hiyo ni salamu ya hotelini, tembo haitiki. Jamaa akafundishwa, akamwamkia tembo shikamoo, baba mdogo akaitika marahaba kwa niaba, biashara ikafanyika.

Huyu ndiye ambaye ukoo mzima, watu wazima na akili zao, ulimteua awe mshenga wangu. Hoja yao: ndiye mwenye maneno. Kweli maneno anayo. Tatizo hayana breki.

Kwa taratibu za kwetu mwoaji mwenyewe haendi siku ya kupeleka barua. Anabaki nyumbani anatafuna kucha. Ila baba mkwe alituma ujumbe kwamba yeye si mtu wa kusimuliwa, anataka kumwona kijana kwa macho yake. Alimwona.

Jumamosi asubuhi nikampitia baba mdogo kibandani, saa moja kasoro. Wingu zito, masika haya, na umeme umekatika tangu usiku. Nimevaa kanzu ya kaka yangu, nyeupe ya kuumiza macho, aliyoletewa kutoka Muscat, ambayo aliniazima kwa sharti kwamba irudi kama ilivyoondoka. (Kaka, kama unasoma hapa, tutaongea. Usipige kwanza.) Ndani kiza. Baba mdogo yuko nyuma ya pazia anatafuta kiatu cha pili.

"Kaa kidogo, nakuja."

Wanaokijua kile kibanda wanajua hakuna pa kukaa. Kila kiti kina kitu: kopo, patasi, kichwa cha Mmakonde ambacho hakijaisha, ngozi ya mbuzi inayosubiri ngoma. Nikapapasa. Kiti kimoja tu kilikuwa kitupu. Nilidhani kitupu. Kilikuwa bapa, kikanijia vizuri, nikakaa.

Hapa naomba tuelewane kuhusu rangi, maana ndipo utetezi wangu wote ulipo. Hizi picha za tingatinga hazichorwi kwa rangi ya maji. Ni rangi ya mafuta, hii hii ya kupaka mageti na milango. Enzi za mwanzo zilikuwa rangi za baiskeli. Inang'aa, haipauki, haitoki. Unaanza kupaka nyuma yote, unaacha ikauke. Ndipo unamleta mnyama. Mnyama akishakauka unamtia madoa. Na rangi hii haina haraka na mtu: siku za jua unaisubiri mpaka kesho, siku za masika unaisubiri mpaka uisahau. Halafu picha mbichi huisimamishi, itachuruzika. Unailaza. Baba mdogo alikuwa ameilaza kwenye kiti. Hadibodi ya futi mbili kwa mbili. Uso juu.

Nyasi na jua lake vilikuwa vimekauka tangu Jumatano. Chui mwenyewe alikuwa wa Ijumaa jioni. Madoa yalikuwa ya alfajiri ile ile, kwa sababu baba mdogo aliamka usiku wa manane akamwona chui ana madoa machache, akahofia atasikia baridi.

Mimi nilihisi ubaridi. Siwafichi, ubaridi mtamu, joto la pwani mnalijua. Nikajituliza. Nikajisogeza kidogo kulia, kidogo kushoto, nikajikandamiza nipate kukaa sawasawa.

Baba mdogo akatoka na tochi ya simu. Akanimulika mimi, akamulika ukutani, akamulika sakafuni, akarudi kwangu.

"Chui yuko wapi?"

"Chui gani, baba mdogo?"

Akanyamaza. Mtu ambaye hajawahi kunyamaza tangu Uhuru, akanyamaza. Halafu taratibu, kama anaongea na mtoto aliyeshika kisu, akasema, "Usiinuke."

Nikataka kuinuka.

"Nimesema usiinuke! Utamchuna!"

Akapiga magoti nyuma yangu, akaishika ile hadibodi kwa vidole, akaniinua sentimita kwa sentimita huku akihesabu. Ikatoa sauti, kama plasta inayobanduliwa kwenye mguu wenye malaika. Nikadhani sasa atanitazama mimi, mwanawe, mwoaji. Akaimulika picha. Uso wake ukachangamka.

"Masikio yamebaki," akasema.

Nje Noah inapiga honi. Baba mdogo akachukua kitambaa na thina kunisafisha, na kabla ya thina nilikuwa na chui. Baada ya thina nilikuwa na chui kwenye ukungu. Kanzu nyingine hakuna. Ile ya kwake aliishona mwenyewe kwa ajili ya maonyesho, ina mikono mitatu. Wa tatu, anasema, ni wa kupokea. Nilikataa, na sasa kila nikikumbuka naona ningeivaa tu, angalau mkono wa kuomba radhi ningekuwa nao.

Akaja na koti la marehemu babu. Zito, la sufi, linafika magotini, linanuka dawa ya nondo. Ili chui asilichafue koti, baba mdogo akachukua mfuko wa rambo akaubana kwa pini upande wa ndani. Najua, mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Yeye anayo akiba, anasema ile si mifuko, ni malighafi.

Mnaliona kosa hapo? Mimi sikuliona. Kitu pekee ambacho kingeniokoa ni hewa, rangi ipigwe upepo ikauke. Sisi tukamfunika chui kwa nailoni, juu yake koti la baridi, tukamkalia. Alisafiri kutoka Bagamoyo mpaka Bunju mbichi vile vile kama alivyotoka kwenye brashi. Kiromo, Zinga, Kerege, mimi nimekalia shavu moja, nashikilia kile kishikio cha juu. Rafiki yangu ananichungulia kwenye kioo, "Vipi mwanangu, tumbo?" Mbegu ya uongo ilipandwa pale pale Kerege, na mimi ndiye niliyejibu, "Kidogo."

Tukafika. Hodi, karibuni, salamu za pande zote. Sebule imejaa wazee. Na makochi, jamani, yale makochi. Yamevishwa vitambaa vya kufuma kwa mkono, vyeupe, vina maua pembeni, kila mgongo na chake na kila kalio na chake. Mchumba wangu alishanisimulia habari ya vile vitambaa. Mama yake alianza kuvifuma akiwa na mimba yake. Hutolewa Idd, na msiba ukiwa wa mtu mkubwa. Siku hiyo vimetolewa kwa ajili yangu.

Nikakaa na koti langu. Feni iko juu, imenyamaza, umeme hata kule hakuna. Jasho likaanza kwenye paji, likashuka kwenye kidevu, likaanza kudondoka kwenye barua ya posa.

Mama mkwe, Mungu amweke, akasema, "Baba, vua koti, hapa ni kwenu."

"Niko sawa, mama, ahsante."

"Vua bwana, unaungua."

"Nimezoea, mama."

Baba mkwe akamgeukia mshenga, "Kijana ana homa?"

Ukweni hawaozeshi mgonjwa. Baba mdogo akaniinamia, akaninong'oneza kwa ile sauti yake ya jukwaani inayofika viti vya nyuma, "Vua tu. Ameshakauka."

Nikalivua nikiwa nimekaa, nalivuta kutoka chini yangu polepole kama mtu anayevuta shuka chini ya mgonjwa. Koti likatoka. Rambo, iliyobanwa kwenye koti, nayo ikatoka. Nikabaki mimi, chui na kitambaa cha mama mkwe, hakuna tena kizuizi. Nikakata shauri pale pale kwamba sitainuka kwenye kochi lile mpaka watu wote walale.

Na mambo yalikuwa yanaelekea kuzuri, wallahi! Kwa sababu baba mkwe alifanya kosa la kumuuliza mshenga, "Nyinyi upande wenu kazi yenu hasa ni nini?" Baba mdogo akasimama. Akaanza na Edward Saidi Tingatinga. Katoka zake Tunduru, kaja Dar es Salaam, kafanya vibarua, mwaka 1968 akachukua kipande cha hadibodi na rangi za baiskeli akaanza kuchora wanyama, hana mwalimu, hana chuo. Miaka minne tu! Mwaka 1972 polisi wakamdhania mhalifu, wakampiga risasi, akafa. Miaka minne ya brashi, na leo jina lake si jina la mtu tena, ni jina la uchoraji wenyewe. Wazee wakatikisa vichwa, mmoja akasema inna lillahi. Nikamkanyaga mguu, tumekuja kuoa, tumeingia msibani. Akaelewa. Akageuza mkono kunielekea mimi, akavuta pumzi, akafikia kilele cha hotuba.

"Na kijana wetu huyu," akasema, "mchunguzeni mtakavyo. Hana doa. Nasema hana hata doa moja."

Ndipo bibi akaingia.

Bibi mzaa mama wa mchumba wangu. Mfupi, mkavu, kanga mbili, fimbo. Sebule nzima ikainuka. Na nyinyi mnajua: kubaki umekaa bibi anapoingia, tena ukweni, tena siku ya kujitambulisha, bora ujiharibie kweli.

Nikainuka nusu.

Kitambaa kikainuka nami.

Nikasimama hapo hapo katikati, magoti yamekunjwa, kama mtu anayepima kama maji ya beseni yamepoa. Nikasikia uzito wake nyuma, kama mtoto aliyeshika upindo wa nguo. Nikafikiri, nikikaa tena kitarudi. Bibi ameshanyoosha mkono. Mkono wa bibi uko hewani unanisubiri. Nikainuka yote. Kitambaa kikaning'inia sekunde moja, mbili, kama mkia. Halafu kikabanduka chenyewe, kuanzia juu, chwaaaa, kikaanguka kwenye kochi kifudifudi... hapana, nisiwadanganye, ningeshukuru kingeanguka kifudifudi. Kilianguka chali.

Sikugeuka. Niliinama nikaushika mkono wa bibi. "Shikamoo, bibi."

Naomba mpige picha jinsi sebule ilivyokaa. Bibi mbele yangu. Baba mkwe, wazee wanne na mlango wa nje, nyuma yangu. Mlangoni kasimama rafiki yangu na kreti la soda. Kulia kwake pazia la korido ambalo tangu tufike lilikuwa linatikisika, nyuma yake wakiwa kina shangazi na mabinti wanachungulia. Na mimi katikati nimeinama. Mnaelewa mtu akiinama kanzu inakaaje.

Soda kwenye kreti zikagongana, kli-kli-kli.

Pazia likaacha kutikisika.

"Marahaba," akasema bibi, ila macho yake yameshanipita, anatazama nyuso za wanaume nyuma yangu, anataka kujua wanatazama nini. Akauachia mkono wangu. Akaanza kunizunguka. Na fimbo yake. Tok. Akafika usawa wa bega. Tok. Sikunyanyuka, nimebaki nimeinama vile vile, mikono imeshika hewa, sijui nilikuwa nasubiri nini, nadhani nilikuwa nasubiri kiama. Tok. Akafika nyuma. Kimya. Nikasikia anavuta miwani kutoka kwenye pindo la kanga. Nikasikia anaivaa.

Halafu mkono wake mkavu ukanigusa mgongoni, kwa huruma kabisa, huruma ya mtu aliyelea watoto tisa na wajukuu wao. Akaniinamia sikioni. Na bibi yule hasikii vizuri, kwa hiyo akinong'ona anasikika mpaka barabarani.

"Mjukuu wangu," akasema, "choo kipo uani, mkono wa kushoto. Maji yamo kwenye ndoo."

Rafiki yangu akaweka kreti chini, akatoka.

Na hapo ndipo voisi yenu inapoishia! Nendeni mkaisikilize tena. Anasimulia mpaka "maji yamo kwenye ndoo", halafu anacheka dakika nzima. Hajui kilichofuata. Hakukiona. Laiti angevumilia dakika moja zaidi leo nyote mngekuwa mnanicheka kwa jambo la kweli.

Kilichofuata ni hiki. Baba mkwe alikohoa kile kikohozi cha mtu anayefunga kikao. Mama mkwe alikuwa amekiona kitambaa chake, mkono uko kifuani, hasemi, anahema tu. Nikamtazama mshenga wangu, mwenye maneno, aseme neno. Lolote. Hata uongo.

Baba mdogo hakuwa ananitazama. Alikuwa amevaa miwani yake ya kuchorea. Akanipita mimi, akampita mama mkwe, akapiga magoti mbele ya kochi kama mtu aliyeona sarafu. Akakiinua kile kitambaa kwa pembe zake mbili, akakipeleka dirishani kwenye mwanga.

"Subhanallah," akasema.

Jamani, alikuwa chui. Siyo doa, siyo ukungu. Chui mzima, amelala, mkia umejikunja, madoa yake yote yapo. Pale kwenye hadibodi alikuwa anatazama kulia. Nilipomkalia, kwenye kanzu akageuka akatazama kushoto. Na kutoka kwenye kanzu kwenda kwenye kitambaa akageuka tena.

"Amerudi kutazama kulia!" baba mdogo anawaeleza wazee, machozi yanamlenga. "Kama nilivyomchora! Nimechora miaka arobaini, sijawahi kupiga chapa, kumbe mashine ninayo nyumbani!"

Mashine ndiyo mimi. Ndiyo alivyonitambulisha ukweni.

Mama mkwe akapata sauti. "Naomba kitambaa changu."

Na baba mdogo, mnamjua, akakikumbatia kifuani. Akamtazama mama mkwe. Nikajua. Nikasema moyoni, usiseme, baba mdogo, nakuomba kwa jina la babu na koti lake, leo usiseme.

"Kwanza msalimie," akasema.

Sijui niwaelezeje ukimya ule. Kuku walikuwa wanasikika nyumba ya tatu. Bibi ndiye aliyevunja. Akasogea na fimbo yake mpaka dirishani, akamtazama chui kwa karibu, kisha akanigeukia mimi, akatazama kanzu yangu, akarudi kwa chui. Ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akakalishwa kwenye kigoda. Wazee nao wakaanza mmoja mmoja, kisha pazia likacheka, kisha nikasikia kicheko ninachokijua kutoka chumba cha ndani, mchumba wangu mwenyewe, hana hata haya.

Mama mkwe hakucheka. Niwe mkweli hapo.

Yaliyobaki nayapitisha haraka. Barua ilipokelewa, imelowa jasho lakini imepokelewa. Wazee walitoka uani wakarudi na faini: sh 70,000, uzi wa kufuma wa kutosha kochi zima, na mimi mwenyewe nikamwombe radhi mama mkwe siku nyingine nikiwa nimevaa suruali ya rangi nyeusi, wamesisitiza nyeusi. Nimerudi Bagamoyo nimesimama kwenye Noah, shingo imepinda. Mafuta ya taa yametoa rangi kwenye ngozi na ngozi pia imetoka kidogo. Kukaa ni kwa zamu. Kanzu haijatoka, na haitatoka, na kaka yangu ameambiwa na mtu fulani kwamba nimeiharibu kwa njia ambayo hata ikifuliwa hataivaa tena. Baba mdogo anataka kuitundika kibandani. Ameshatafuta fremu.

Mkinikuta njiani na kuniulizia tumbo, siitiki.

Leo asubuhi mchumba wangu kanitumia ujumbe. Mama yake alikitupa kile kitambaa kwenye beseni la kufulia. Baba yake akakitoa usiku, akakipigilia misumari ukutani, juu ya televisheni. Anasema yule chui ana jicho moja kalifinya, na popote mtu anapokaa sebuleni anamtazama yeye, kama anamdai. Anataka kujua ni dume au jike.

Nikampelekea baba mdogo swali hilo kibandani. Alikuwa ananyoosha brashi kwenye kopo la thina. Hakunijibu. Nikamwamkia tena nikidhani hakunisikia. Akaendelea kuisukasuka ile brashi mpaka thina ikawa ya manjano.

"Mwambie jike," akasema. "Na amsalimie kila asubuhi. Asisubiri kesho yake."